Udongo wa Wajina

Habari za kifo zilipofika Karagita, majirani wa ploti walimpa pole mtoto.

Walikuwa na sababu. Kila mtu pale alijua kwamba Rahab anampikia mzungu mmoja mzee kando ya ziwa, na kwamba binti yake wa pili amepewa jina la mzungu huyo. Kwa hivyo bibi yule alipofariki, hawakuhitaji kuambiwa ni nani aliyefiwa zaidi. Mama Natasha wa mlango wa pili alikuja na sukari na majani ya chai kwenye mfuko wa karatasi, akampita Rahab pale mlangoni, akaenda kuinama mbele ya msichana wa miaka minane aliyekaa kitandani, miguu ikining'inia.

“Pole sana, Majori. Pole kwa kuondokewa na wajina wako.”

“Asante,” Majori akasema, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, jinsi alivyoona watu wazima wakifanya. “Alikuwa anaumwa na kifua.”

“Mungu amempumzisha.”

“Ndio. Amepumzika.”

Rahab alitazama mambo hayo akakosa pa kuuweka uso. Angesema nini? Aseme kwamba mzungu huyo ana mtoto wake na wajukuu wake, na kwamba sukari hii imepotea njia? Aliupokea mfuko, akashukuru, akawasha jiko.

Jina lenyewe lilikuja hivi. Kwa watu wa Ephantus, mumewe, jina la mtoto halitafutwi sokoni. Binti wa kwanza hupewa la mama mzaa baba, na ndiyo maana dada yake Majori ni Shiru. Wa pili hupewa la mama mzaa mama, na hapo ndipo Rahab alipokwama, kwa kuwa alilelewa katika nyumba ya watoto kule Gilgil na hakuwahi kumjua aliyemzaa wala jina lake. Uchungu ulipomshika akiwa kazini, Madam Marjorie mwenyewe ndiye aliyempakia kwenye gari na kumkimbiza hospitali Naivasha, baada ya kutandika blanketi la mbwa kwenye kiti. Alipomteremsha getini alisema kwa Kiswahili chake cha jikoni, “Kama wewe nazaa msichana, napa yeye jina yangu,” kisha akacheka. Huenda ulikuwa mzaha. Rahab hakuuchukua kama mzaha hata kidogo. Tangu siku hiyo humwita binti huyo “mami”, kama mtu anavyomwita mama yake, na anapomwita hivyo humaanisha hivyo.

Naye Majori alijua vizuri kazi ya jina. Mwaka uliopita, walipokwenda Ol Kalou kumzika nyanya yao mzaa baba, mzee wa kanisa aliuliza kwa sauti, “Mwenye jina lake yuko wapi?” na watu wazima wakasogea kumpisha Shiru na sweta yake ya shule. Hata baba wakubwa walingoja. Shiru aliokota udongo kwa mkono wa kulia, akautia kaburini, na baada yake ndipo wengine wakafuata. Usiku ule alimweleza mdogo wake jinsi inavyofanywa: “Hutupi kama mtu anatupa taka. Unaachilia tu, polepole.” Majori aliyahifadhi maneno hayo. Siku yake nayo ingefika.

“Mum,” akauliza sasa, Mama Natasha alipokwisha kuondoka, “mimi nitaitwa saa ngapi?”

“Kuitwa wapi?”

“Si kutupa udongo.”

Rahab alikoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. “Wazungu sijui wao hufanya aje.”

“Lakini mimi ndiye mwenye jina.”

“Ndio, mami. Ni wewe.”

“Basi utawaambia?”

“Nitawaambia.”

Neno hilo lilimtoka kabla hajalipima, na mtoto akalishika kwa mikono miwili kama alivyoushika ule mkono wa pole.

*

Ilikuwa likizo ya Agosti, na siku za likizo Majori aliandamana na mama yake kazini. Njia aliijua, mbwa walimjua, na ngazi ya nyuma ya jikoni aliijua kuliko kitanda chao. Saa ya chai Madam alikuwa akitoka kwenye veranda na kuketi kwenye kiti chake cha matete, na Majori huketi kwenye ngazi, wakanywa pamoja. “Jambo, wajina,” Madam husema. “Shule nafundisha wewe vizuri?” Kisha huja biskuti kutoka kwenye mkebe. Madam alikunywa kwa kikombe chembamba chenye maua, na Majori kwa kikombe cha bati chenye mdomo wa buluu, kilichobanduka rangi kidogo karibu na mkono. Kikombe hicho hakikuwekwa kabatini na vingine. Kilikuwa na mahali pake chini ya sinki, na Majori alijivunia kuwa na kikombe chenye mahali pake. Kwenye kiti cha matete hakuwahi kuketi. Choo cha ndani hakuwahi kukiingia. Hakuna aliyemkataza, hata. Mtoto akizaliwa akakuta mlango umefungwa, hudhani ni ukuta.

Siku hiyo nyumba ilikuwa imejaa. Bwana Giles, mwana wa Madam, alikuwa amewasili kutoka Nairobi na mkewe na watoto wao. Kuna boma dogo bustanini lililozungushiwa pande tatu ua wa miiba wa kaiyaba, mahali alipozikwa baba yake Giles, na hapo ndipo Ephantus na wenzake walikuwa wakichimba. Ephantus ndiye mtunza bustani. Ana mvi kidevuni, lakini kwenye nyumba hiyo bado aliitwa shamba boi.

Bwana Giles alipoingia jikoni kutafuta barafu, Rahab aliweka kisu chini na kujifuta mikono.

“Bwana, samahani. Kuna kitu kidogo nataka kuuliza.”

“Uliza, Rahab.” Kiswahili chake kilikuwa safi, kwa sababu alikulia mikononi mwa yaya.

“Ni huyu mtoto. Yeye ndiye ana jina ya Madam. Sasa kwetu, mwenye jina hutupa udongo. Mkono moja tu, Bwana. Hatakawia.”

Giles alimtazama Majori kana kwamba ndiyo kwanza amechipuka kwenye sakafu. Majori alisimama wima, mikono nyuma, kama mtu anayepimwa sare.

“Ah! Marjorie mdogo!” Akacheka, na kilikuwa kicheko cha upole, tusimsingizie. Akampapasa kichwani. “Mama aliniambia. Vizuri sana, vizuri sana. Mambo ya wafanyakazi Kamande anapanga. Ongea na Kamande, eh?” Simu yake ikalia, akatoka nayo, na barafu akaisahau.

“Amesema ndio?” Majori akanong'ona.

“Amesema vizuri sana.”

“Hiyo ni ndio.”

Rahab alirudi kukata matango. Alitamani sana iwe ndiyo, na mtu akitamani sana masikio humsaidia. “Ni ndio, mami.”

Haikuchukua muda Kamande akafika mlango wa nyuma. Huyu ndiye supavaiza, mtu wa Karagita vilevile, wa kanisa moja na Rahab, ila siku za kazi alivaa kofia yenye nembo na sauti nyingine.

“Rahab, umeenda kumwambia Bwana nini?”

“Mambo ya mtoto na udongo.”

“Wewe ni mtu mzima. Si unajua wiki hii ndio wanaamua nani anabaki na nani anaenda nyumbani? Nyumba wanaifunga. Watabakisha mtu mmoja, labda wawili. Wewe na bwanako mko hapa nyinyi wote, alafu unaleta story za mila?”

“Si story, Kamande. Wewe pia umepewa jina ya guka yako. Ulipomzika huyo babu ulisimama wapi?”

Kamande alitazama viatu vyake. Alisimama mbele, kama kila mtu. “Sikia,” akasema kwa sauti ya chini, ile ya kanisani. “Wageni wakimaliza kule juu, wafanyakazi watapita wote kuaga. Hapo ndipo atatupa yake. Kaburi litakuwa bado wazi, mimi mwenyewe nimepanga. Lakini kabla ya hapo, tafadhali, asivuke kamba.”

“Kamba gani?”

“Utaiona.”

*

Asubuhi ya mazishi Majori alikwenda na baba yake mapema. Ephantus alisawazisha kingo za shimo kwa koleo, na mtoto akachuchumaa penye lundo la udongo na kitambaa chake cha mkononi.

“Chukua ile laini,” baba yake akasema. “Isiwe na mawe. Jiwe likigonga sanduku si heshima.”

Majori alichekecha kwa vidole, akachagua, akafunga kitambaa fundo. Alivaa gauni la zambarau la Krismasi, na Rahab alikuwa amempaka mafuta mpaka magoti yanang'aa. Alikuwa na huzuni, huzuni ya kweli, kwa sababu biskuti na “Jambo, wajina” zilikuwa zimekwisha. Lakini chini ya huzuni hiyo palikuwa na kitu kingine kilichomfanya atembee taratibu. Alikuwa na kazi ya kufanya ambayo hakuna mwingine duniani angeweza kuifanya.

Kamba aliiona. Ilikuwa kamba nyeupe ya manila iliyofungwa kutoka mti mmoja hadi mwingine, ikaukata uwanja wa nyasi vipande viwili. Upande wa juu, karibu na kaburi, kulikuwa na hema jeupe na viti vilivyovalishwa vitambaa. Upande wa chini, karibu na nyumba ya pampu, kulikuwa na hema la turubai la kijani na mabenchi yaliyoazimwa kanisani. Kamande alisimama penye mwanya wa kamba, kofia imenyooka. Wazungu walipokuja hakuwauliza kitu, aliwainamia tu. Hata kijana mmoja mzungu wa kutengeneza boti, ambaye Madam hakumpenda kabisa na alishawahi kumfukuza na mbwa, alipita na kaptura yake bila kuulizwa jina. Mtu mweusi akitokea, Kamande alinyoosha mkono kuelekea nyumba ya pampu kabla hajafungua mdomo.

Ndivyo alivyofanya alipofika mwanamume mmoja mrefu mwenye suti nyeusi na tai.

“Mzee, karibu. Hema ya chini.”

“Nimealikwa na familia.”

“Ndio, wote mmealikwa. Hema ya chini.”

Mwanamume huyo akatabasamu bila kufurahi, akateremka, akaketi kwenye benchi karibu na Majori. Majori alimsalimia kwa adabu, na kwa kuwa alikuwa mgeni, akaona ajitambulishe.

“Mimi ndiye mwenye jina.”

Mwanamume alimtazama, na hakuhitaji kufafanuliwa. “Kumbe wewe ndiye wajina! Pole sana, pole. Mimi ni Daktari Kipkoech, nilikuwa namtibu.”

“Asante kwa kumtibu. Nitatupa udongo.” Akamwonyesha kitambaa.

Daktari alikitazama kitambaa, akaitazama kamba, akakohoa. Mara Bwana Giles alikuja akikimbia kwenye nyasi, uso umemwiva. “Daktari! Samahani, samahani sana. Ni makosa ya huyu Kamande.” Akamshika mkono, akamvusha kamba, na walipompita Kamande alimtupia maneno makali ya Kiingereza, mbele ya watu. Kamande aliyameza. Daktari aligeuka mara moja kuangalia benchi, kisha akaketi kule juu kwenye kiti chenye kitambaa.

“Yule pia ana jina ya Madam?” Majori akamuuliza Owino, mtu wa pampu.

“Ana degree,” Owino akajibu. “Kunywa chai, mtoto.”

Chai ilikuwa imeletwa kwenye sufuria kubwa pamoja na vikombe. Majori aliviona vikombe vikitolewa kwenye sanduku, vya bati, vyenye mdomo wa buluu, vingi. Owino alikuwa ameshika kimoja kilichobanduka rangi karibu na mkono.

“Hicho ni changu,” Majori akasema.

“Chako kivipi? Si ni vya wafanyakazi. Vyote hukaa pale chini ya sinki.”

“Madam alisema ni changu.”

“Sawa, chukua basi.” Owino alimimina chai iliyobaki kwenye nyasi, akampa. Hakuwa mtu mbaya. Majori alikishika kikombe, akakichungulia ndani muda mrefu, kisha akakiweka chini ya benchi bila kunywa.

*

Kule juu padri aliongea kwa Kiingereza na upepo wa ziwani ukachukua nusu ya maneno. Rahab alikuwa akizunguka nyuma ya viti na sinia, aproni nyeupe imefungwa hadi kifuani. Majori aliweza kumwona kila alipoinama. Wakaimba wimbo. Wakasimama. Wajukuu wa Madam wakapanga mstari, na wa mwisho alikuwa msichana wa kimo cha Majori mwenye kikapu cha majani ya waridi. Aliyamwaga yote kwa mkupuo mmoja, kama anayemwaga taka. Majori aliumia kumwona. Hakuna aliyemfundisha kuachilia.

Ndipo alipomwona Kamande akitembea haraka kuelekea nyuma ya ua wa kaiyaba, mahali ambapo baba yake na wenzake walikuwa wamefichwa na makoleo yao ili wageni wasiwaone. Sauti ilimfikia vizuri.

“Mko tayari? Wakianza kwenda kwa chakula, mnafukia. Haraka haraka. Bwana hataki wageni waangalie shimo.”

“Na wafanyakazi kupita?” Hiyo ilikuwa sauti ya Ephantus.

“Watapita baadaye, waone maua. Usinisumbue leo, Ephantus, nimetukanwa ya kutosha.”

Majori hakufikiri sana. Hesabu ilikuwa wazi hata kwa mtoto: wakifukia kwanza, atamtupia wapi? Bwana mwenyewe alisema vizuri sana. Alifungua kitambaa, akaushika udongo kwa mkono wa kulia, akainama chini ya kamba, akapanda.

Alitembea kama Shiru alivyotembea, polepole, uso mbele. Alingoja watu wasogee wampishe. Hawakusogea, kwa kuwa hawakujua kama kuna mtu wa kupishwa. Mama mmoja mzungu mwenye kofia nyeusi ndiye aliyemwona wa kwanza, akamwinamia kwa tabasamu la huruma.

“Mimi ndiye mwenye jina,” Majori akamwambia. “Naomba kupita.”

Yule mama hakujua Kiswahili, au alikijua cha kuagizia tu. Alisema kitu laini kwa Kiingereza, akachukua sandwichi kwenye sinia, akaiweka kwenye mkono wa kushoto wa mtoto, akaukunja mkono ule juu yake, na kumwonyesha njia ya jikoni. Sinia yenyewe ilikuwa imebebwa na Rahab.

Mama na mtoto wakatazamana. Majori alikuwa na udongo mkono huu na sandwichi mkono ule. Alimngoja mama yake aseme neno. Lilikuwa neno moja tu: huyu ni mwenye jina. Midomo ya Rahab ilifunguka kidogo. Nyuma ya yule mama mwenye kofia, Bwana Giles alikuwa amegeuka kutazama kuna nini, na uso wake haukuwa ule wa kicheko cha siku ile jikoni. Rahab alifunga mdomo. Aligeuza sinia upande wa pili na kumwekea mgeni mwingine, na sinia haikutetemeka hata kidogo. Ndivyo ilivyokuwa. Kuna watu watakaosema wao wangenena. Na waseme.

“Mimi ni Marjorie,” Majori akasema, sasa kwa sauti ya juu, kwa yeyote. “Mimi ni Marjorie!”

Watu waligeuka. Daktari Kipkoech aliinuka nusu, mkono mmoja kwenye kiti, kisha akaketi. Bwana Giles alitikisa kichwa kidogo kumwelekea Kamande, kama anayemfukuza nzi, na Kamande akapaza sauti kule kwenye ua.

“Ephantus! Kuja uchukue mtoto wako!”

Ephantus alitokea na gambuti zenye matope. Alikanyaga nyasi alizozikata mwenyewe kila juma, kofia mkononi, macho chini, wageni wote wakimtazama. Alimfikia binti yake akamwinua kifuani.

“Dad, ni kidogo tu,” Majori akamwambia sikioni. “Nishukishe niachilie.”

“Nyamaza.”

“Dad, tumefika. Si hapo tu.”

Kweli ilikuwa hapo tu. Kutoka begani mwa baba yake aliweza kuona vishikio vya shaba vya sanduku na majani ya waridi juu yake. Ephantus alisimama kitambo, na pengine akapima moyoni ni hatua ngapi, na kazi ngapi, na kodi ya chumba. Kisha akageuka. Majori alimshika shingoni ili asianguke, na ngumi yake ikafunguka yenyewe. Udongo laini, usio na jiwe hata moja, ukamwagikia kwenye kola ya koti la baba yake.

*

Wafanyakazi walipita baadaye, wageni wakiwa mezani. Walikuta tuta lililopigwapigwa kwa koleo na kufunikwa maua. Bwana Giles alitoka na leso ya kufutia mdomo, akawaambia kwa Kiswahili kizuri kwamba mama yake aliwapenda wote na kwamba wao ni familia. Watu wakasema asante. Kila mmoja akapewa soda. Majori hakwenda. Alikaa nyuma ya nyumba ya pampu mpaka mama yake alipomfuata, bila aproni, na boksi la sandwichi zilizobaki mkononi.

Walishika njia ya Karagita wote watatu, jua likiwa bado juu. Malori ya maua yaliwapita yakiwatimulia vumbi. Rahab alikuwa ameambiwa ndiye atakayebaki kutunza nyumba. Ephantus hakuwa ameambiwa kitu, na hiyo kwa kawaida huwa ni jibu.

Walipokaribia maduka ya kwanza Ephantus alikohoa. Hakuwa mtu wa maneno, na alikuwa ameyatafuta haya tangu getini.

“Majori. Ile udongo yako iliingia.”

“Iliingia wapi?”

“Kwa kaburi. Ilikuwa imebaki kwa koti yangu. Nilipoinama kufukia, ikaanguka yote ndani. Ile ya kwanza kabisa ilikuwa yako.”

Majori aliitazama kola ya baba yake. Udongo ulikuwa bado pale, umekaukia kwenye mshono, na mwingine umemshika shingoni na jasho.

“Asante, Dad,” akasema.

Wakatembea tena. Rahab alihisi mkono mdogo ukiingia mkononi mwake, mkono ule ule aliotumia kugeuza sinia, na ilikuwa afadhali angepigwa.

“Mum, mama yako aliitwa nani?”

“Si unajua sijui, mami.”

“Hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Ungejua, mimi ningeitwa hivyo?”

“Ndio. Ungeitwa hivyo.”

“Basi nataka yako. Nataka kuitwa Rahab.”

“Haifanywi hivyo. Mtoto hapewi jina ya mama yake.”

“Lakini nataka.”

“Kwa nini?”

Mtoto alimtazama, na hapakuwa na hasira machoni mwake, maana hasira Rahab angejua la kuifanyia. Alikuwa akieleza tu, jinsi mtu anavyoeleza jambo alilojifunza.

“Kwa sababu wewe ukikufa,” akasema, “hakutakuwa na kamba.”

Rahab aliliweka boksi chini. Akaketi pale pale kando ya barabara, kwenye vumbi, na nguo yake nzuri, akalia kwa sauti mbele ya wapita njia. Waliomjua wakasimama. Mama Natasha, aliyekuwa akinunua mboga ng'ambo, alivuka mbio, akamwinamia na kumshika mabega.

“Pole, Mama Majori,” akasema. “Pole sana. Kumzika mtu si mchezo. Mlimzika vizuri?”

“Tulimzika vizuri,” Majori akajibu kwa niaba ya mama yake.